Ishara ya Sikio

Zikiwa zimebaki dakika tatu mkutano wa mtandaoni uanze, mzungumzaji akagusa sikio.

Ardith, mwendeshaji wa mkutano, alikuwa kwake Saskatoon, Kanada, na wala hakushtuka. Ndivyo walivyokubaliana kwenye mazoezi: sauti ikipotea, gusa sikio. Akaongeza sauti. "Vipi dada, sasa wanisikia?"

Mwanamke akagusa tena. Safari hii vidole vilirudi na damu.

Mkono wa mwanamume ukaingia kwenye picha, ukamshika nywele, ukambamiza uso mezani. Kalamu zikatawanyika. Jino likabaki juu ya karatasi za hotuba yake.

"Haya, kawahutubie wauguzi wenzako!" mwanamume alifoka. "Nani atakuamini, mbwa wewe?" Hakujua kamera inamtazama.

Ardith alishapiga simu polisi. "Anwani?" wakamuuliza.

"Sina anwani! Nina picha yake tu!"

Mkono ukamwinua yule mwanamke tena.

Miaka kumi Ardith alikuwa akiwafundisha wengine kwamba vipaza sauti vya wageni havifunguliwi vyote kwa pamoja, hata nyumba ikiungua. Akairusha picha ile mbele ya wauguzi mia tisa waliokuwa wakisubiri mkutano, kisha akavifungua vyote.

"Anayejua anapokaa, aseme!"

Kelele zikalipuka ndani ya chumba cha yule mwanamke. Mwanamume akaganda, ngumi juu, akiitumbulia macho kompyuta.

"Mimi napajua," ikasema sauti moja, tulivu kuliko zote, na nyuma yake mlango wa gari ukabamizwa. "Ni mtaa wangu."