Kipepeo wa Kopo la Siagi

Kipepeo alikuwa kwenye friji, ndani ya kopo la siagi, na hakutaka kuamka.

Macho Manne alimtoa, akamweka juani kibarazani, akasubiri. Akampulizia pumzi ya joto. Akarudi ndani, akajitia ana shughuli, akachungulia. Wapi! Yale mabawa yaliyotandazwa juu ya jani hayakutikisika. Alipothubutu kumgusa kwa ncha ya kibano chake cha kazini, mguu mmoja ulikatika kama kijiti cha ufagio. Kumbe baridi hukausha hivi?

"Nimeua," alisema, peke yake jikoni.

Na hakuwa ameua nzi. Papilio ophidicephalus, mpana kama kiganja, mweusi mwenye mkanda wa manjano na mikia miwili, alikuwa hajaonekana katika mji ule tangu watu wazima wa leo wangali watoto.

Macho Manne alikuwa fundi miwani; jina hilo alibandikwa na wenzake wa chama cha watazama vipepeo. Chama kilikuwa na sheria moja: tazama, piga picha, ondoka. Aliyeitunga ni shangazi yake, mwenyekiti, ambaye ujanani alikuwa mwindaji wa nyavu na pini asiye na huruma. Baadaye akatubu, na makasha yake ya vipepeo wakavu, kwa maneno yake mwenyewe, akayagawa yote shuleni.

Shangazi huyo ndiye aliyemtuma.

"Nenda alfajiri kwenye kile kichaka nyuma ya karakana ya mabasi, pale bomba lilipopasuka. Nimesikia fununu. Ila simama mbali, mwanangu. Usimguse!"

Alimkuta kweli, ametulia juu ya jani, mabawa wazi, kama anavyolala kipepeo ambaye jua halijampasha. Lakini upepo ulikuwa unayumbisha tawi, na kila picha ilitoka ukungu mtupu. Tamaa ikamwingia. Akakikata kitawi polepole, akakitia koponi pamoja na mgeni wake, akatimua mbio hadi nyumbani. Kipepeo akipigwa na baridi hulegea, hutulia mbele ya kamera. Wako wapiga picha wanaojua hila hiyo na hawaisemi. Akampiga picha dirishani, akamrudisha kwenye friji asije akachangamka kabla hajamrejesha kichakani. Kisha akaituma picha kwa chama kizima: *Kichakani, asubuhi ya leo.*

Sasa alikuwa na uongo mkononi na maiti koponi.

Picha ilifanya kazi ambayo barua na maandamano havikuifanya. Kichaka kile kilikuwa kikatwe chote kiwe maegesho ya magari. Kabla wiki haijaisha, tingatinga lilisimamishwa, na Jumamosi wanachama walijazana sebuleni kwa Shangazi kushangilia.

"Hebu litaje tena jina lake," alisema muuza rangi.

"Ofidikefalasi," alijibu Macho Manne, akiangalia sakafu.

"Hilo si jina, ni kikohozi!"

Wakaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameikodolea picha. "Mbona manjano yake yamepauka?"

"Mwanga wa alfajiri huo," Shangazi alidakia. "Kunywa chai, itapoa."

"Jumatatu ndiyo siku yenyewe," mwalimu aliendelea. "Wahandisi wa manispaa watafika kichakani. Macho Manne atawaambia kwa kinywa chake: nilimwona hapa, akiwa hai. Wakiridhika, hapakatwi hata jani. Wakitia shaka, tingatinga linarudi."

"Atasema, kwa nini asiseme?" muuza rangi alimpiga begani. "Shujaa wetu huyu!"

Kila pongezi ilimchoma kama mwiba wa limau.

Wageni walipotawanyika, Shangazi alikuwa anasuuza vikombe na Macho Manne anavifuta. Alikifuta kimoja mpaka kikaanza kulia chini ya kitambaa.

"Utakitoboa hicho," Shangazi alisema.

"Shangazi, Jumatatu siwezi."

"Huwezi nini?"

Akalitoa kopo mkobani, akaliweka mezani. Maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka: upepo, kitawi, friji, dirisha, mguu uliokatika.

"Alikuwa mmoja tu, nami nimemuua kwa ajili ya picha. Nikisema kweli, kichaka kinakatwa. Nikinyamaza, nitapigiwa makofi juu ya kaburi lake. Nilale vipi?"

Shangazi alifungua kifuniko. Hakufoka. Alienda akafunga mlango, akarudi, akaketi kwa uzito kama mtu aliyebeba gunia toka mbali. Alimtazama yule kipepeo kwa muda mrefu, kisha akamtazama mtoto wa mdogo wake.

"Nitukane basi," Macho Manne alilia. "Nifukuze chamani. Wewe ndiye uliyeniambia nisimguse."

"Nani amfukuze nani?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

Akamshika mkono.

"Hukumuua wewe, mwanangu. Nilimuua mimi, baba yako alipokuwa bado anatambaa. Na siku ile nilipombandika pale kwenye jani kabla hujafika, hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba utanusa gundi."