Kikohozi cha Diski ya Tatu

Diski ndogo ya tatu ya kamera yetu ya zamani iligoma mara mbili, kaka akaipangusa kwa shati, ikakubali. Harusi ya dada yetu ikaanza kuingia kwenye kompyuta.

"Hapa pana kikohozi," kaka alisema. "Kinaharibu hotuba ya mama. Nikikate?"

Kilikuwa cha baba, kikavu, mara tatu, miaka minne kabla hatujamzika. Mimi ni muuguzi; kikohozi cha aina ile nakitambua hata nikiwa chumba cha pili.

"Alituficha ugonjwa," nilisema.

Kaka akarudisha nyuma, akaongeza sauti. Baada ya kikohozi nikaisikia sauti yangu ikicheka, karibu kabisa na kamera: "Baba, kakohoe nje huko. Unaniharibia video."

Kaka hakugeuka. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kipanya.

"Nikikate?" aliuliza tena.