Mshika Taa

Jua lilipochomoza, vani ilikuwa imeshakaa juu ya stendi nne za chuma uani, na mwanamke alikuwa chini yake peke yake, amelala chali juu ya kipande cha boksi.

Mumewe alitokea mlangoni na kikombe cha chai. "Kila kitu kiko sawa huko?"

"Kila kitu kiko tayari."

"Leo nisije nikaaibika."

"Gari halitakuaibisha, baba watoto."

Mume akanywa chai yake, akarudi ndani kupiga pasi shati.

Watu walimwita Bingwa. Mtandaoni alikuwa na wafuasi laki mbili, wote wamechoka kuibiwa na magereji, wakijifunza kwake namna ya kutengeneza gari nyumbani. Katika video zake uso ulionekana mwanzo na mwisho. Katikati ilikuwa sauti yake nzito ikieleza, na mikono miwili ndani ya glavu nyekundu ikifungua boliti bila haraka. Wafuasi walimsifu hata kwa usafi wake. Fundi gani huyu, waliulizana, anashusha injini na shati halipati hata doa?

Leo kampuni moja ya vipuri ilikuwa inaleta mpiga picha wake. Bingwa alitakiwa atoe giaboksi ya otomatiki iliyokufa na kufunga nyingine, hapo hapo nyumbani kwake, watu wakitazama moja kwa moja. Akimaliza, angesaini mkataba na kukabidhiwa duka zima.

Mkewe alikuwa mshika taa. Ndivyo alivyomtambulisha redioni wiki iliyopita, mtangazaji alipouliza kama familia inamsaidia. "Mke wangu? Hunishikia taa tu. Spana namba kumi na namba kumi na mbili, kwake hizo ni mtu na pacha wake!" Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke alikuwa jikoni anasikiliza, na hakucheka.

Hilo angelisamehe, maana alishazoea. Lakini juzi alikuwa anaanika nguo nyuma ya dirisha la chumbani, akamsikia mumewe akiongea na kaka yake kwenye simu. "Jumamosi ipite tu, nisaini. Huyu namrudisha kwao. Dukani nitaweka mwingine, anayejua kukaa na watu."

Akufukuzaye hakwambii toka. Huyu alikuwa amesema, ila kwa mtu mwingine.

Mwanamke alimaliza kuanika nguo zote, mashati ya mume yakiwemo. Tangu hapo moyo wake ulikuwa unachemka. Hakutaka kuombwa radhi wala kikao cha ndugu. Alitaka kitu kimoja, mwanaume yule aanguke, na aanguke mbele za watu.

Ndiyo maana aliamka alfajiri. Alichomoa waya wa betri. Alifungua sanduku la vifaa, urithi wa marehemu baba yake aliyekuwa fundi, akapanga spana kwa ukubwa wake. Kisha akaingia chini ya gari, akapenyeza mkono juu ya giaboksi mpaka kwenye boliti ya mwisho, ile isiyoonekana kwa macho, ambayo hupatikana kwa kupapasa tu. Alipoigusa akatabasamu. Mwenye roho laini angeanza kuomba gari lisimwangukie mtu.

"Wageni wanakuja saa nne," mumewe alimwambia alipotoka ndani, shati limenyooka kama karatasi. "Uwe umeshaingia chini kabla hawajafika, na taa yako, kama kawaida. Mpiga picha nitamweka mbali kidogo."

"Sawa."

"Na ukae kimya."

"Lini nimewahi kusema?"

Saa nne wageni walifika. Meneja wa kampuni alikuja na mkataba ndani ya bahasha, mpiga picha akatega kamera yake, majirani wakajaza viti. Mwanamke alitoka ndani ya nyumba ameoga, amevaa gauni la njano, akaenda kukaa mstari wa mbele.

Mumewe alimwona, uso ukamshuka. Akamwinamia sikioni. "Unafanya nini hapa? Nenda chini!"

"Leo nakaa na watu."

"Na taa?"

"Jua lote hili, baba watoto?"

"Tuko hewani!" mpiga picha alisema.

Bingwa akawasalimia wafuasi wake kwa ile sauti nzito. Akaeleza giaboksi ni nini. Akatazama chini ya vani, akaona hakuna mtu, akaeleza giaboksi ni nini kwa mara ya pili. Jasho lilianza kuchora mstari mgongoni mwa shati lake jeupe. Mwanamke alimtazama, na ile hasira ya siku tatu ikageuka kuwa utamu mdomoni. Hakuwa amelegeza hata nati moja. Gari lilikuwa salama kabisa.

"Kaka, tuanze kazi basi," meneja alisema, akitazama saa.

"Halafu vaa zile glavu zako nyekundu, Bingwa," mpiga picha akaongeza. "Watu wanaziulizia hapa mtandaoni, wanasema bila hizo si wewe." Akainama mwenyewe, akazitoa kwenye sanduku, akampa.

Bingwa aliingiza vidole, akavuta. Akavuta tena kwa meno. Glavu zilifika kwenye vifundo vya vidole, zikagoma. Meneja, na baada yake majirani, mmoja mmoja, wakageuka kutazama mikono midogo ya mwanamke aliyekaa mstari wa mbele.