Ukuta wa Anselmo

"Mjomba, Jumamosi asubuhi nawaleta wageni waone maua ya uani kwako, halafu nawapeleka kula salmorejo, ile supu yetu baridi ya nyanya. Sema ndiyo basi."

Anselmo hakugeuka. Alikuwa ameinua mwanzi mrefu uliofungwa kopo la maji nchani, akinywesha chungu cha maua kilichotundikwa juu kabisa kwenye ukuta mweupe. Kopo likatikisika, maji yakamchuruzikia mpaka kwapani.

"Mwaka wa pili huu umefunga mlango," mpwa wake akasema. "Watu wakija Andalusia mwezi wa tano, wanafuata nyua za maua. Bila ua wako nitawauzia nini? Supu tupu?"

"Kawaulize wakubwa wa mji. Si ndio walioita umati kwa mashindano yao ya nyua? Uchochoro ukafurika, ambulensi ya mke wangu ikakwama pale kwenye kona, na watu wanapiga picha! Jioni yake wakubwa wakaniletea nini? Tuzo ya ua bora."

"Lakini marehemu aliyapanda maua haya ili yaonekane, mjomba."

Mwanzi ukasimama hewani. Kisha Anselmo akaupenyeza nyuma ya chungu, akasukuma. Kikapasuka miguuni pa mpwa wake, udongo ukamrukia viatuni. Akasukuma cha pili. Akasukuma cha tatu.

"Mjomba, jamani!"

"Waandikie wageni wako," Anselmo akasema, akihema. "Jumamosi waje. Waje waone ukuta."