Fainali Ndani ya Sahani

Dadu liligonga ukingo wa sahani ya bati, likazunguka, likalala. Watu wote chumbani wakainama kulitazama.

"Ngapi?" Mzee Opondo aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa amelala chali. Sahani aliisikia tu, hakuiona.

"Mbili, Baba," Akeyo akasema.

"Mbili si bao. Twende."

Sita ndiyo bao. Robo nne, na kila robo kila timu inarusha mara tatu. Sheria hizo Mzee alizitunga mwenyewe, pale pale kitandani.

Miaka kumi na tisa alikuwa mtunza vifaa wa timu ya hoki ya wasichana, Chuo cha Bonde. Fimbo zao zote zilipita mikononi mwake, akizifunga tepu, akizisugua. Mwezi uliopita, mechi ya mwisho ya ligi, alianguka kando ya mstari, mkono kifuani. Daktari alimwita Akeyo pembeni. Moyo huu usirudi uwanjani, alisema. Hata mechi ya kusikiliza kwa simu, hapana. Akilazimisha, mtamzika.

Ni Akeyo aliyemletea baba yake habari: wahadhiri wamegoma, mechi za mtoano zimefutwa zote. Siku hiyo hiyo simu ya Mzee ilianguka kwenye beseni la nguo, ikafa.

Siku mbili Mzee hakula. Alitazama mabati tu. Siku ya tatu akasema, "Kama hawachezi, tutacheza sisi. Leteni dadu la ludo. Na mtu asinidanganye."

Robo fainali, Bonde walishinda. Mzee akamaliza ugali. Nusu fainali wakashinda tena, akaomba aongezewe omena. Akeyo akashika hesabu hiyo: Bonde ikifunga, Baba anakula.

Kwa hivyo alirusha. Alfajiri alikuwa soko la Toi kuchagua nguo za mitumba, mchana yuko nyumbani kumgeuza Baba, kumwogesha, kumbadilishia shuka. Jumamosi jioni, mabega yakimuuma, aliketi chini na kurusha dadu. Mdogo wake Amondi, beki wa Bonde, ndiye angemsaidia, lakini Jumamosi alikuwa kwa shangazi yao, kule Kabiro, akisuka watu nywele. Fimbo alienda nayo. Alisema anapiga mpira ukutani huko, mkono usilale. Jumapili Mzee alimfungia tepu mpya, taratibu, bila kuuliza kitu.

Leo Jumamosi ilikuwa fainali: Bonde na Kilele, watu wa Kawangware. Kilele walirushiwa na Farouk, muuza nyama wa Makina, hapo hapo Kibera, jirani yao. Alikuwa amechelewa. Aliingia saa kumi na moja pamoja na Mitchelle wa chumba cha tatu, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa.

"Wee Farouk, umemeza nini?" Mzee alimuuliza.

"Vumbi la Toi, Mzee."

"Basi vumbi limetusaidia. Leo hatutasikia kelele zako."

"Kelele zitatoka kwa dadu," Farouk akakwaruza. "Leo Kibera mnalala njaa."

"Kwani wewe unaishi Karen kwa matajiri?" Mitchelle akadakia. "Hoki yenyewe hujui. Unajua matumbo tu."

Watu wakacheka. Farouk akarusha, ikatoka sita. Kicheko kikakatika.

Robo ya pili hakuna kitu. Robo ya tatu Akeyo alipata sita, na Mitchelle akapiga ukuta wa mabati mpaka jirani wa nyuma akauliza kama kuna moto. Ikawa bao moja kwa moja. Robo ya nne Farouk akarusha polepole, kama mtu anayeogopa mkono wake. Sita tena. Akalitazama dadu kana kwamba limemtukana.

Likabaki la Akeyo, mara ya mwisho.

Ugali ulikuwa juu ya stuli, umefunikwa, unapoa. Akalitikisa dadu viganjani, akaliachia. Likaruka, likaegemea ukingo, likalala.

Tano.

Farouk alimkonyeza. Sema sita, midomo yake ilisema bila sauti. Mitchelle naye akaitikia kwa kichwa, sema. Kule kitandani Mzee alikuwa amefumba macho, anangoja.

Akeyo alitaka kusema sita. Mdomo ukakataa. Alikuwa amechoka mpaka kwenye ulimi.

"Ni tano, Baba. Tumefungwa."

Kifua cha Mzee kilipanda na kushuka, na Akeyo akakihesabu kila kilipopanda.

"Una uhakika ni tano?"

"Tano, Baba."

"Haya." Akafumbua macho. "Leta ugali kabla haujawa jiwe."

Akeyo alimwinua, akamwekea mto mgongoni. Mzee akamega tonge la kwanza, la pili. Mitchelle aligeuka ukutani akajipangusa macho kwa leso.

Ndipo Amondi akaingia, ameoga, kitambaa kichwani, fimbo kwapani. Aliangalia sahani, akaangalia nyuso.

"Mmefungwa," Mzee akamwambia. "Mbili kwa moja. Leta fimbo niione."

Amondi akasita, akampa. Mzee akanawa mkono, akapitisha kidole gumba juu ya mti, kutoka kwenye tepu hadi kwenye mkunjo, akirudia mahali pamoja palipochubuka. Kisha akailaza mapajani.

"Fainali ya dadu nimeimeza," akasema. "Haya Farouk, wewe uliyekauka koo: huko uwanjani leo, ngapi kwa ngapi?"