Samaki wa Bi Ruzuna

Kila nyumba ilifuga samaki mmoja wa dhahabu, na ugonjwa wa wenyeji ulichanua kwanza kwenye ngozi yake. Vikionekana vinundu vigumu vya virusi, mlango wa nyumba hiyo ulifungwa siku arobaini.

Raya, mkaguzi wa mtaa, alimwinua samaki wa Bi Ruzuna kwenye mwanga. Pezi lilimeta vinundu vyeupe, vigumu kama punje za mtama.

“Ana nini, shoga?” aliuliza Bi Ruzuna. Ijumaa alikuwa anamwoza bintiye.

“Kuvu tu. Itapukutika.”

Wiki nzima walikanda maandazi pamoja.

Asubuhi ya harusi, samaki wa Raya alielea taratibu mbele yake, pezi limejaa mtama.

“Ana nini?” aliuliza mumewe.

“Kuvu tu.”

Akajifunga kanga. Nje wanawake wa mtaa mzima walimngoja, wamevaa sare ya kanga hiyo hiyo.