Mota Inayopumua

Skrubu ya nne ilikataa kuingia.

Kanae alikuwa amelala chali chini ya mkia wa gari, bisibisi mkononi, glavu nene za mpira zimemfika viwikoni. Alisukuma, ikakwama, akasukuma tena. Jana zote sita ziliingia zenyewe. Leo kila moja ilitaka kubembelezwa.

"Ni hizi glavu," alijiambia. "Zinateleza."

"Kanae! Umelala huko?" Tokunaga, nahodha wa timu na dereva wao, aliinama akachungulia. "Wakaguzi wanatuita. Kama unataka godoro, sema tukuletee."

"Namalizia, kaka."

"Na hizo glavu usizivue mpaka utoke. Sitaki kumpigia mama yako simu kumwambia umeme umekukausha."

Mota yao ilikuwa inapumua. Katika mashindano haya ya magari ya umeme yaliyoundwa na wanafunzi, vyuo vyenye pesa vilipoza mota zao kwa maji yaliyozungushwa ndani ya mipira. Wao, chuo kidogo cha mkoani, waliiachia upepo: matundu mbele, matundu nyuma. Ukiyaziba, mota inaungua. Ukiyaacha wazi, mvua inaingia. Kanae alihangaika kiangazi kizima kutafuta njia ya katikati, akaipata: kitambaa cheupe kinachopitisha hewa na kukataa maji. Kiwanda kimoja kiliwapa kipande, kikubwa kama leso, kimoja tu. Alikitoboa mwenyewe matundu sita ya skrubu, akakibana mdomoni mwa mota kwa pete ya chuma na gundi.

Asubuhi hii mkaguzi alitaka kuona ndani. Kanae akafungua pete, akakitoa kitambaa, akakilaza mezani. Mkaguzi akachungulia, akaguna, akaenda zake. Hata hajafika mbali, zamu yao ya jaribio la mvua, gari kumwagiwa maji, ikatangazwa mapema kuliko walivyotarajia. Kanae alinyakua kitambaa mezani, katikati ya matonge ya wali, mikebe ya chai na leso nyeupe za kutengenezea kidoli, akajitupa chini ya gari.

Skrubu ya sita iliuma. Akatoka, goti limechubuka.

Pale mezani Mio, binti wa mwaka wa kwanza, alikuwa anamalizia kidoli cha kufukuzia mvua: kichwa cha karatasi zilizofinyangwa, gauni jeupe lililokifunika mpaka usoni, uzi shingoni.

"Wino haushiki," alilalamika, akikisugua kidoli usoni kwa kalamu. "Kila nikichora jicho linateleza."

"Kimeona gari letu," alisema Tokunaga. "Hakitaki kutazama."

"Kaka, usikitukane!"

"Basi kiache hivyo hivyo. Kwa mila, macho kitapewa mvua ikishindwa."

Walicheka wote. Kanae alijaribu, mdomo ukagoma.

Walilisukuma gari hadi kwenye uzio wa majaribio. Tokunaga alikuwa amevaa suti yake ya udereva tayari. Mwaka wa tatu huu anaivaa kwenye mashindano, na hajawahi kuitia jasho la mbio, kwa sababu kila mwaka gari lilifia kwenye ukaguzi.

"Sikia, mdogo wangu," alisema chinichini. "Likipita, leo naendesha. Lisipopita, Aprili naanza kazi ofisini, na hadithi imeisha. Lakini sikulaumu. Kula kwanza, umekuwa mweupe kama huo wali."

Afadhali angemtukana.

Gari likainuliwa, magurudumu yakaning'inia. Umeme ukawashwa. Juu ya usukani kulikuwa na taa ndogo, bado haijawaka. Tone moja tu likigusa shaba ya mota, taa ingekuwa nyekundu, na gari lisingeikanyaga lami hata siku moja.

"Tayari?" aliuliza mkaguzi.

Tokunaga akainama kwa heshima. Maji yakafunguliwa.

Yalikuja kutoka kila upande, mazito, yakipiga bodi kwa kelele kama mchele unaomwagwa kwenye sufuria. Kanae hakuweza kuitazama taa. Wala hakuweza kuacha kuitazama. Aliyafuata maji kwa akili: yanashuka mgongoni mwa gari, yanafika kwenye pete, yanatafuta. Maji hayana haraka. Yanapapasa kama kidole cha kipofu mpaka yapate mlango.

Gundi, aliwaza. Ile kona ya chini. Kama nimeiacha nyembamba, ni pale.

Taa ilikuwa bado imezimika. Tokunaga alikuwa amefumba macho. Mkaguzi akausogeza mpira wake wa maji polepole kuelekea mkiani, na Kanae akahisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni, ingawa jua la Septemba lilikuwa linachoma.

Kitambaa kipo, alijituliza. Hata gundi ikishindwa, kitambaa kipo. Alikaza vidole ndani ya zile glavu, ambazo mpaka sasa alikuwa hajakumbuka kuzivua, akatambua kwamba tangu asubuhi mikono yake haikuwa imehisi kitu chochote isipokuwa mpira.

"Dada! Dada, angalia!" Mio alimvuta mkono, anarukaruka. Alikuwa ametundika kidoli chake kwenye uzio, na marasharasha yalikuwa yanakifikia. "Hakilowi! Maji yanakiogopa! Tumepita, nakwambia tumepita!"

Kanae akageuka.

Matone yalikiangukia kidoli kichwani, yakajikunja kuwa shanga, yakaviringika usoni pasipo macho, yakateremka gauni jeupe bila kuacha unyevu popote, mpaka kwenye pindo. Na huko yakadondoka, moja baada ya jingine, kupitia matundu sita aliyoyatoboa kwa mkono wake mwenyewe.